Sentimita Tatu

Kwenye kopo la kahawa mna zloti elfu moja na mia tisa.
Nimezihesabu mara mbili; mara ya tatu nikaona haya.

Dukani, ng'ambo ya reli ya tramu,
kijana mwenye tai alinichorea jiko zima kwenye kompyuta:
droo zinazojifunga zenyewe, taa chini ya rafu,
sinki jeusi kama jicho la paka.
"Elfu ishirini na nne tu, mama," akasema,
na ile "tu" yake nikapanda nayo ngazi hadi ghorofa ya nne,
imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jikune ujipatapo.
Mkono wangu ulifika kwenye milango ya makabati.

Kumi na mmoja, rangi ya chai iliyolala.
Niliifungua skrubu kwa skrubu,
nikaisugua kwa msasa kwenye roshani,
Novemba, nimevaa koti la Eligiusz lenye mfuko uliotoboka,
na Bronka wa chini akigonga dari yake kwa ufagio
kwa sababu vumbi langu lilitua kwenye shuka zake.
Nilimteremshia kipande cha keki ya mbegu za mpopi.
Ufagio ukanyamaza.

Rangi niliipata nusu bei:
makopo mawili ambayo mteja aliyarudisha, yalikosewa kuchanganywa.
Alitaka bluu. Mimi nikapata kijani
cha njegere iliyochemshwa ikasahauliwa kidogo.
Nimeizoea.
Vigae vya mwaka sabini na sita sikuving'oa;
kung'oa ni fedha, kupaka ni subira,
na subira serikali bado haijaitoza kodi.
Vishikio ni vya gulio la Jumamosi, hakuna viwili ndugu:
cha shaba, cha kioo, kimoja cha kaure chenye ufa,
na kimoja nakitambua, au najidanganya,
ni cha droo za kiwanda chetu cha nguo, Łódź hii hii,
nilikosokota uzi miaka ishirini na sita.

Tymek, mpwa wangu, akaleta sinki
la shule iliyobomolewa kule Pabianice.
Pana. Lina alama za vijiko vya watoto.
"Shangazi, tusogeze kabati la mwisho," akasema,
tukalisogeza,
na ukutani nyuma yake palikuwa na penseli ya Eligiusz.

Bei za mwaka tisini, fedha zile za zamani.
Sinki: laki moja na themanini. Kafuta.
Laki mbili na arobaini. Kafuta.
Laki tatu na kumi, mwezi ule ule,
na hapo penseli imekandamizwa hadi plasta ikachimbika.
Chini yake, ndani ya mraba, kipimo cha ukuta:
234.

Tymek akavuta futi. 231.
Akarudia. 231.

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi.
Miaka thelathini na tatu kabati lile halikufunga,
limebanwa kimshazari kwenye fremu ya mlango,
nalifunga kwa mpira wa kufungia noti,
na kila nikiufunga nilimlaani Skowron fundi seremala.
Sokoni nilimpita kama nguzo.
Alipokufa nilisema nina mafua.

Sijui kama Eligiusz alijua.
Alikuwa na namna ya kukohoa kila nilipolitaja jina la Skowron.

Tymek akakata sentimita tatu kwa msumeno.
Mlango ukafunga: tk.
Nikaufungua. Tk.
Akaniacha, akaenda kunawa.

Ule ukuta sikuupaka, jokofu limeuficha.
Kwenye kopo zilibaki zloti arobaini na moja.
Nikanunua taa mbili za makaburini,
moja ndogo, moja kubwa yenye kifuniko cha bati
ambayo upepo hauizimi hadi siku ya tatu.

Ile kubwa ni ya Skowron.
Eligiusz asinune;
yeye ndiye aliyepima.