Nyota Tano, Buguruni Sheli

Mimi hukadiria hasara. Kazi yangu ni tochi,
utepe wa kupimia, na kutomwamini mtu.
Miaka kumi na minne nahesabu mikunjo ya mabati
kama shangazi anavyohesabu zawadi za harusi,
ajue nani kaleta nini, nani kadanganya.

Leo nimefika kabla ya trafiki.
Gari la Bi Kokushubila, la umeme, jipya,
viti bado vimevaa nailoni za bandarini.
Kwenye kioo, stika: nyota tano.
Limeishia kwenye nguzo, na kwenye nguzo kuna bango la mganga:
TUNASAFISHA NYOTA. MVUTO WA BIASHARA. MALI ILIYOPOTEA.
Nikasimama katikati ya wanajimu wawili.

Yule wa stika simdharau. Nimesoma alivyofanya.
Katika banda lisilo na usiku
walimkalisha mtu wa mpira, wakamfunga mkanda,
wakampaka rangi, paji jekundu, kidevu buluu,
wakamsukuma ukutani,
kisha wakasoma kwenye puto jeupe
mahali alipobusu.
Hana jina. Hana mke wa kupigiwa simu.
Amekufa mara nyingi ili Bi Kokushubila
afungue mlango asubuhi hii, kiatu kimoja mkononi,
unga wa puto kwenye nyusi kama mpika maandazi,
aseme: "Mbona niko mzima?"

Sisi tulishasema ajali haina kinga.
Tukaiandika nyuma ya malori, tukakanyaga mafuta.
Kumbe kinga ipo. Ina puto nane,
ina chuma kinachojikunja pale kilipoagizwa,
na mkanda unaokudaka kabla hujajua unaanguka.
Nimeandika: Kabini, salama. Betri, haijapasuka.
Nimeandika kwa furaha, naapa.

Ngwatu wa gari la kuvuta hataki kusogea.
Ameinama, ameona nyaya za rangi ya chungwa.
"Hili halijafa," ananiambia, "limejilaza tu."
Ndoano mkononi, analizunguka
kama mtu aliyetumwa kuchinja mnyama
asiyejua shingo yake iko wapi.
Nalo gari linaongea peke yake, Kichina,
sauti ya binti mpole, linarudia, linarudia.
Labda linasema pole. Labda: funga mkanda.

Upande wa pili nimepima pia,
ingawa fomu haina mstari wake.
Mkokoteni. Nusu mbao, nusu ringi za gari lililokufa zamani.
Vitunguu hadi mtaroni.
Hamduni Likwata, mtu wa Newala, goti la kushoto.

"Sikusikia kitu," anasema, jasho limemkauka.
"Gari hunguruma, nawe unapisha.
Hili limekuja kama usingizi."

Tani mbili na robo.
Usingizi mzito.

Najua kule bandani wanaye mtembea kwa miguu,
wa mpira pia, anavuka taratibu, mikono mitupu,
na gari humwona, hufunga breki lenyewe, hupata alama.
Lakini nani alimtwisha gunia mbili?
Nani alimzimia taa za barabara saa kumi na moja alfajiri,
akamjazia njia yake viazi na meza za chipsi,
akamwambia: haya, vuka, tukuone?

"Nyota zitapungua wakilinyoosha?" Bi Kokushubila ananiuliza,
halafu anajisikia, anaufunika mdomo.
Sikumjibu. Nilikuwa nageuza fomu,
nyuma, kwenye weupe, nikiandika:
vitunguu, gunia mbili. Ekseli moja. Goti.

Nilipoinua kichwa alikuwa hayupo.
Alikuwa ameshapanda bajaji inayompeleka Hamduni Amana,
kalishika lile goti kwa mikono miwili
kama sufuria iliyojaa mchuzi,
ndani ya kile kiboksi cha turubai,
hakina mlango, hakina puto,
hakijawahi kupewa nyota hata moja,
na dereva anapiga honi njia nzima.