Jiwe la Mpaka

Tartu, mwezi wa pili. Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri;
ndani, jiko la kuni linakohoa.
Kompyuta ya Baba iko uchi mezani,
kifuniko chake nimekilaza kando ya mkate mweusi.

Taavet alipiga simu jana. "Futa yote, Virve.
Anza upya, acha kuhangaika na vya marehemu."
Taavet hajawahi kugawa kitu akabaki nacho.
Diski ni kubwa, nusu yake tupu.
Mimi nataka kipande tu, ubavuni mwa Baba,
nisimguse.

Nimeiwasha mashine kwa flashi,
maana huwezi kusogeza ukuta wa chumba
na mwenyewe amelala ndani.
Pachua kwanza. Mtoe mwenye nyumba kwa adabu,
ndipo ushike futi.
Kisha vipunguze vilivyomo kabla ya kukipunguza chumba:
ukigeuza mpangilio huo
utakata miguu ya kitanda pamoja na ya mlalaji.

Mama ameingia na chai. "Unagawa nini?"
"Nafasi."
"Shamba?"
"Hapana. Ndiyo. Kidogo."

Nabonyeza d: kizigeu cha pili kimeondoka.
Nabonyeza n: kizigeu kipya, kifupi kuliko cha zamani.
Mpaka hapo ni maneno matupu, ahadi ya mlevi;
diski haijasikia lolote.
Halafu w.
Herufi moja, na maji yakimwagika hayazoleki.

Naomba kipachikwe. Kinakataa.
Naomba tena. Hakitambuliki, yasema mashine,
bila huruma na bila ubaya.
Sekta ya mwanzo niliiandika kwa kichwa, nikakosa tarakimu moja;
nimechonga mlango pasipo na chumba.

Sikulia. Niliosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu.

Mama alikaa. Akaanza kusimulia, mimi nimempa kisogo,
habari za mwaka ule mashamba yaliporudishwa kwa wenyewe.
Ramani ya kijiji ilikuwa imeungua.
Majirani walioimba pamoja kanisani
wakatazamana kama mbwa wenye mfupa mmoja.
Baba, mpima ardhi, akaingia msituni na chuma chembamba,
akidunga kuvumwani, hatua, akidunga, hatua,
hadi chuma kilipolia *ti*.
Jiwe.
"Ramani iliungua," alisema Mama,
"ardhi haikuungua. Haikuwa hata na habari."

Mali bila daftari hupotea bila habari, ni kweli.
Lakini daftari likipotea, mali hukaa palepale,
gizani, ikingoja aulizaye vizuri.

Nikakigeuza kifuniko, sijui kwa nini. Labda kukifuta vumbi.
Kwa ndani, penseli, mkono wa Baba:
1050624.
Hakuna tarehe, hakuna maelezo,
kama alivyozoea kuyatia alama mawe.
Miaka yote nilidhani ni simu ya mtu.

d.
n.
Mama akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja,
kama anayehesabu kuku jioni.
Mashine ikauliza: hapa pana alama ya zamani, niifute?
Hapana, nikajibu. Hapana, Mama naye akajibu, kwa mashine.
Kidole changu kikasita juu ya w.
Akabonyeza yeye.

Kikapachikika.
Mafaili mia mbili na kumi: barafu ya ziwa Peipsi
ikipasuka usiku, mlio mrefu kama waya uliovutwa na kuachwa.
Katika moja mtu anakohoa, anasema, "Ngoja,"
halafu kimya cha dakika nne,
tukakisikiliza chote.

Gigabaiti arobaini ni zangu sasa. Sijaweka kitu.
Namba yangu nimeiandika chini ya yake, kwa penseli ileile.
Taavet amepiga tena, sikupokea;
nilikuwa nikinakili chelezo,
kazi iliyonipasa kuifanya asubuhi.