Kashata

Nilimwambia Mihayo nakwenda dukani kununua kashata.
Akauliza: za karanga au za nazi?
Sikumjibu. Mkononi nilikuwa na funguo ya pikipiki,
mkono wa pili, tangi limebonyea
kama shavu la mwenye jino bovu,
na kwenye kitenge, laki tatu na arobaini:
asali ya msimu mzima imegeuka karatasi.

Duka la Hamduni liko Isevya.
Tairi zinaning'inia darini
kama bangili za jitu lililohama mji.

"Taa hizi, dada, zinamulika mpaka Nzega."
Nyuki hawapendi taa, nikasema.
"Basi honi. Ina sauti tatu."
Nyuki hawapendi hata hiyo moja.
"Kioo cha upepo?"
Ninakokwenda upepo haufiki chini,
miyombo imeukamata huko juu matawini.
Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Nikamfanyia hesabu juu ya kaunta, kwa kidole, kwenye vumbi.
Ndoo ya lita ishirini, ukitia maji, kilo ishirini.
Ukitia asali, ishirini na nane.
Ndoo mbili ni mtu mzima, mwembamba, mkaidi,
amekaa nyuma yangu na kwenye kona hainami.
Kwa hiyo keria hainunuliwi, inachomelewa:
Kasubi ataunga nondo za geti.
Mifuko ya pembeni nimeshaishona,
turubai la lori la tumbaku, bado linanuka.

Yakabaki matairi.

Tabora hadi Ipole ni lami, laini kama kauli ya mgombea.
Baada ya Ipole, ukishika njia ya Kitunda, mambo hubadilika.
Kwanza mchanga, unaokukamata gurudumu
kama mtu anayekudai.
Halafu, mvua za Januari zikishaingia, mbuga:
udongo mweusi unaokula kiatu na kukuachia soksi.
Kashata kubwa zitalia njia nzima ya lami
na kulika kama sabuni ya mwezi wa Ramadhani yenye wageni.
Kashata ndogo zitanyamaza vizuri barabarani,
kisha tope litazijaza, na tairi jipya litakuwa kipara.

Hamduni akakuna kidevu. Kwa mara ya kwanza
aliacha kuuza, akaongea.
"La mbele ndilo linalochagua njia," akasema.
"La nyuma linalipa."

Mimi najua kulipa.
Mwaka juzi nilipanda nyuma ya kijana mmoja wa bodaboda,
tairi lake la mbele unaweza kujitazama usoni.
Tulianguka taratibu, karibu kwa adabu.
Hakuna aliyeumia. Ndoo zilipasuka.
Siafu walifika kabla ya watu,
nami nikakaa pale nikiangalia ada ya shule
inanywewa na mchanga.

Mbele, nikasema, nipe kashata kubwa, zenye mianya.
Nyuma nipe lile la kati, lisilojua vizuri ni la wapi.
Tyubu moja ya akiba. Pampu. Viraka na gundi yake.
Hendeli nitazifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu.
Ngao ya injini niliiona.
Niliiona mara tatu.
Injini inisamehe mpaka Juni.

Zikabaki shilingi mia saba, nikazisahau mfukoni
hadi nilipofika nyumbani, jioni, matairi mapya yakinguruma
kama tumbo la mgeni anayeona haya kuomba chakula.
Mihayo alikuwa mlangoni, kiganja wazi.
Nikaona aibu. Nikaonyesha kwa kidole gurudumu la mbele.

Hakulia. Alilizunguka, akalinusa, akalikunja uso.
Kisha akaona nilikopita: uani, juu ya mchanga uliofagiliwa,
vipande vya mraba, vimekatwa sawasawa,
mstari mrefu kutoka barabarani mpaka miguuni pake.
Akachuchumaa, akaanza kuvihesabu,
na kila alichokihesabu
alikiokota, akatia mdomoni.