Mawe Kwenye Maharage

Saa nne. Ratiba ya ukutani inasema MICHEZO.
Mpira wa plastiki, mwekundu, umepungua upepo.
Wamekuja watatu, na Bibi Ndeonasia tusimhesabu:
kiti chake kilikuwa papo hapo tangu chai.

Mzee Apaikunda hakuja.
Mlango wa pili kushoto, uso ukutani,
blanketi limemfunika hadi masikioni
kama gunia lililoshonwa mdomo.
"Shimboni, mbe."
Kimya.
"Leo tunarushiana mpira."
"Rusheni."
"Jana tulitunga shanga."
"Niliwasikia."
Kisha akauambia ukuta, si mimi:
"Nina miaka themanini na mitatu.
Nimezika mke, nimezika wanangu wawili.
Leo binti wa juzi anipigie makofi
kwa kuwa nimedaka mpira?"

Nikatoka. Nina cheti cha miezi sita
na hakikuwa na jibu la swali hilo.

Nilimbembeleza kwa mtori. Nilimtisha kwa daktari.
Asubuhi moja nikamkimbilia: mlima umefunguka, babu,
Moshi nzima inaiona Kibo, toka uone!
Macho yake yenye ukungu yakanigeukia taratibu.
"Niambie ukifunga."

Ijumaa jiwe likapasua gego la Bibi Ndeonasia,
gego lake la mwisho lenye kazi.
Alipiga kelele hadi jikoni, akamtaja mpishi,
mama yake mpishi, na mfadhili aliyetoa sufuria.
Ndipo ukuta wa pili kushoto ukauliza:
"Nani anachagua maharage humu?"
"Mpishi."
"Kwa macho?"
"Kwa macho, babu."
"Ndiyo maana. Lete ungo."

Miaka thelathini na mmoja kiwandani, kule karibu na reli,
buni zikipita chini ya vidole vyake,
akiijua iliyotobolewa na mdudu
kabla jicho la msimamizi halijapepesa.
Mimi nilikuwa na faili lake.
Faili linasema presha, sukari,
na namba ya simu isiyopokelewa.
Vidole halivitaji.

Akakaa barazani, ungo mapajani.
Tik. Jiwe kwenye kopo la bati. Tik.
Bibi Ndeonasia akasogeza kiti kusimamia,
maana jino lililopotea ni lake.
Wakaja wawili wengine kubisha tu
kama maharage ya Rombo yanaiva upesi kuliko ya Hai.
Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyepiga makofi.
Mzee Mchomvu hakutoka, na hatoki hadi leo;
anataka redio yake, na redio anayo.
Nimejifunza kumwacha.

Wiki ya pili muuzaji wa Mbuyuni akatuletea
maharage ya mashine, safi, yanang'aa, bila doa.
Mpishi alishangilia. Mimi nikaingiwa na baridi.
Usiku, nikiwa na tochi ya simu mdomoni,
nikaokota kokoto kwenye njia ya kuanikia nguo,
nikaziosha, nikazichanganya gunia zima.
Usiku wa pili pia. Na wa tatu.

Siku ya nne akasimamisha mkono.
Akaishika moja kati ya kidole na gumba,
akaizungusha, akainusa.
"Jiwe la shambani," alisema polepole,
"huwa mviringo. Limelambwa na maji ya mfereji.
Hili lina kona.
Na linanuka sabuni ya kufulia."

Masikio yangu yaliwaka moto.
Nilitazama sakafu, nikatafuta uongo, sikuupata.
Tik, likaanguka koponi.
Mkono wake ulikwisha rudi kazini.
Akainama kidogo, Bibi Ndeonasia asisikie:

"Kesho tafuta madogo zaidi.
Haya hata mpishi angeyaona."