Mizani ya Kisahani

Mlangoni nimebandika: WANAUME WANGOJE NJE.
Kaseti za vugo hazitazamwi na jicho la kiume,
ndiyo maana Ndia Kuu nzima huniletea mimi,
chumba cha juu; chini yangu fundi wa mabuibui
na cherehani yake inayotikisa meza
kila ninapochoma.

Bi Khole alikuja na kaseti moja katika mfuko wa unga,
lebo imefutika, ukungu kama chumvi ukingoni.
"Thureya yuko Leicester, ataka blurei.
Mimi Kisauni nina deki ya dividii, hugoma ipendapo.
Nitilia yote. Sikate hata punje."

Saa mbili na dakika kumi.

Nikamwambia: blurei ni pakacha kubwa, mama,
lakini samaki ni wale wale.
Tepu hii ilizaliwa na mistari mia tano sabini na sita;
nikiinyoosha ifike elfu na themanini
nitanenepesha ukungu, sitaongeza uso.
Akacheka. "Basi nipa ya maskini."

Umbo nikaliacha nne kwa tatu.
Wenzangu huvuta picha ijaze televisheni za siku hizi,
bibi harusi akatoka na mabega ya mpagazi wa bandarini.
Mimi sivuti watu.
Fremu ishirini na tano, kama zilivyokuja.
Mistari ya chini itangulie: hapo nilikosea siku moja,
harusi ya watu wa Kuze, pembe za vugo zikatetemeka
kama zina homa. Nilirudisha pesa
na bado nikasemwa mwezi mzima.

Kisha biti.
Ukizigawa sawasawa, sekunde kwa sekunde,
ukuta mtupu hupata kama leso mia zinazopungwa,
na huo si usawa, ni uvivu.
Kwa hiyo mapito mawili:
la kwanza kompyuta hutazama tu, haiandiki neno,
kama mke wa mwana, wiki ya kwanza ukweni;
la pili ndipo hugawa.
Nilipanga megabiti nne na nusu za picha.
Sauti nikaibana, nikaipa makombo, kama ada.

Nikamwita aje atazame kabla sijachoma.
Hina. Halua. Mtoto analilia sinia.
Bi Khole amefumba mato.

"Hutazami, mama?"
"Namsikiza Mwanakombo. Dadangu."
"Ni yupi?"
"Hayumo. Ndiye aloshika kamera."
Akatega sikio tena, akakunja uso.
"Mbona hapumui?"

Nikarudi kwenye kaseti yenyewe, kabla ya mkono wangu.
Karibu na maikrofoni kuliko ngoma, kuliko vigelegele,
mtu anapumua.
Kifua chakwaruza, pumu ya tangu utotoni.
Mtu anasema polepole: Khole, inua shingo. Hapo. Hapo hapo.
Na kichujio changu cha kelele, chenye bidii,
kilikuwa kimemfuta nusu nzima,
kikidhani ni mvumo wa tepu.

Nikakizima.
Sauti nikaiacha wazi, bila kubana,
elfu moja mia tano thelathini na sita;
picha nikaishusha hadi tatu na kitu.
Najua gharama yake. Leso zitavurugika kidogo zikipeperushwa,
visanduku vitaota ndani ya moshi wa udi,
na Thureya atapiga simu kuuliza
fundi gani huyu mama alimpata.

Bi Khole hakuniuliza nambari.
Alifungua kipindo cha leso, akalipa,
akasema atangoja pale pale.

Nikachoma kwa kasi ndogo.
Nikateremka kumwomba fundi asimamishe cherehani.
Aliinua mguu, akanywa chai yake, akangoja.
Stima haikukatika.
Baada ya muda akapaza sauti kutoka chini:
"Tayari?"

"Bado," nikamjibu.
"Yuko katikati."