Onyesho la Tatu

Kidato cha Nne B, Temeke, saa nane mchana.
Feni moja inazunguka, ya pili imegoma tangu Pasaka.
Tamthilia ni ya kale; nakala zetu tisa
zimegandishwa kwa gundi ya fundi viatu,
na leo tumefika onyesho la tatu:
waziri anambusu mfalme mkono.

Pazi ndiye mfalme. Amejitanda pazia la maabara,
darasa likaangua: Pazi kavaa pazia!
Sikudhani ndiye waziri. Kisu chake ni rula,
ameichomeka ndani ya mkono wa shati.
Akapiga goti, akasema bila kutazama kitabu:

    Mkono nakubusia,
    na chini nainamia,
    kisu kinanililia
    chini ya joho jeusi.

Mfalme akavua pete. "Nishikie," akasema, "ninawe."
Hapo, nikaeleza, ndipo tamaa inapopata mpini,
nikapiga mstari ubaoni.
Mwongozo wa kusahihisha hauna maneno mengi:
tamaa, hoja mbili; usaliti, hoja mbili;
mifano itoke kitabuni.

Sikudhani bado yuko magotini, vumbi limeshika sketi.
"Mwalimu, kwani huyu waziri hakumpenda mfalme?"

Kicheko kikaanzia kule madirishani.

Mwalimu Ngwali ndiye aliyenifundisha kuivunja chaki
kabla ya kuandika, isilie ubaoni.
Kila Ijumaa alininunulia vitumbua,
viwili vyangu, kimoja chake,
akisingizia sukari.
Nami nikaandika barua, ukurasa mmoja,
kwa afisa elimu: tarehe kumi na nne
ambazo mkuu wa idara hakuonekana kazini.
Zote za kweli. Nilizihakiki mara mbili
kwenye daftari la mahudhurio.
Sikuandika tu kwamba tarehe hizo
alikuwa Muhimbili, kwenye benchi la ukumbini,
akimngoja mkewe atoke kwenye mashine ya figo.

Uhamisho ukampeleka Liwale.
Liwale ni mbali na mashine.

Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa meza.
"Droo ya chini hukwama," akasema.
"Inyanyue kidogo, ndiyo uvute."
Alijua? Mwaka wa sita huu nainyanyua kidogo,
ndiyo navuta,
na kila asubuhi inafunguka bila kelele.

"Alimpenda," nikamjibu Sikudhani.
"Sana. Lakini kwenye mtihani msiandike."
Yeye alikwisha kuandika, kwa kalamu ya wino,
pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha shule.

Pazi akauliza kama anaweza kuvua pazia, joto linamuua.
Nikasema bado.
Tunarudia, kuanzia kwenye busu.