Honi Mbili

Jumapili, Igogo, juu ya jabali lisilo na jina
ambalo sisi tunaliita Sebuleni.
Holo kaketi chini, kichwa magotini mwangu,
nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama
kama zinangoja zamu ya kusema.

Maana leo kila mtu anasema.

Bujiku, fundi spika wa Mlango Mmoja,
sikio lake hujua waya uliolegea kabla hujawasha redio,
anasema nyimbo za siku hizi hazina tumbo:
kiitikio kimeingia, hodi haijapigwa,
mpishi anapakua, maji hayajachemka.

"Wewe unataka gitaa lizunguke robo saa
kama ng'ombe aliyesahau zizi," anamjibu Nyamizi.
"Mimi nachuna minofu ya sangara toka alfajiri,
mapumziko dakika kumi, choo humo humo.
Singeli moja tu, nikirudi mezani
kisu chenyewe kinacheza."

"Na mapenzi yenu ndiyo hayo hayo. Dakika mbili."

"Afadhali! Mama alingoja barua ya baba toka Geita
miezi mitatu. Ilipofika
ilikuwa inaomba nauli."

Tukacheka hadi kitana kikanidondoka.
Kwilasa hakucheka, alikuwa anatafuta mwanga mzuri.
Ana wafuasi elfu kumi na moja, Kwilasa,
wanamtazama akicheza na ndoo ya maji kichwani,
na jana kanikopa vocha ya mia tano.

"Wangu hana haraka," akasema Holo.
"Miezi saba. Kila jioni sauti yake
ndiyo inayonizimia taa.
Anaendesha kreni bandarini, Maskati.
Mkataba ukiisha, anakuja kwa baba."

"Umeshamwona akicheka?"

"Video huko zinakatakata."

Mimi sikutia neno. Msusi husemea kitanani.
Chini, kivuko cha Kamanga kikapiga honi,
ndefu, ya kukwaruza, imepasuka mwishoni
kama jogoo mzee mwenye mafua.
Mtoto wa Igogo haigeukii hata kichwa.

Simu ikatetemeka mapajani mwake.
"Si huyo! Sikilizeni wenyewe, wenye midomo,"
akapandisha sauti hadi mwisho, apate kushinda:

*Mpenzi, huku Maskati leo joto, yaani jangwa tupu, nakuwaza...*

na nyuma ya *nakuwaza*
honi,
ndefu, ya kukwaruza, imepasuka mwishoni.

Bujiku, ambaye hajawahi kubakiza maoni,
akafungua mdomo, akaufunga.
Nyamizi akaanza kuhesabu kucha zake.
Njia ya mwongo fupi, tumeambiwa tangu utoto,
ila hatukuambiwa ni fupi kiasi hiki,
kwamba unaivuka na baiskeli
na chenji inabaki.

Mimi nilisikia kwa vidole:
shingo yake ilikaza ghafla
kama kamba iliyoshika nanga.

Akairudia. Akairudia tena.
Sekunde kumi na nne.
Hakuna aliyelalamika kuwa ni fupi.

Kwilasa, taratibu, akaishusha simu yake
(kumbe alikuwa anarekodi), akafuta
mbele yetu, kidole kikionekana.
Tangu siku hiyo simdai ile mia tano.

Holo akaminya, akasogeza mdomo,
sauti laini, ile ile ya kila jioni:
"Pole na joto, mpenzi wangu.
Ukitoka kazini hapo Maskati
ninunulie sato wawili, wa kuchoma.
Uangalie matamvua, yawe mekundu."

Akatuma. Akaulalia mguu wangu.
"Vuta," akasema. "Kaza. Imebaki mistari mingapi?"

"Mitano."

Tiki mbili za kijivu, kisha bluu.
Kivuko kiligeuza pua, kikaliacha gati.
Bujiku aliomba Nyamizi aweke ile singeli yake.
Aliisikiliza yote, macho kafumba, hakuichambua.
Nami nikakaza, kwa kuwa ndivyo nilivyoombwa.